Shamba la Mwalimu wa Hesabu

Mama yangu akiwa na wasiwasi halii, wala hasali kwa sauti kama jirani yetu. Anafagia. Siku aliyorudi kutoka kikao cha wazazi alifagia mbele ya nyumba, akafagia nyuma, akafagia zizini ng'ombe akiwa bado ndani, kisha akahamia kwenye njia ya watu wote inayopita kwetu kwenda gulioni. Nikamwambia, "Mama, ukifika Karatu mjini na huo ufagio usisahau kuniletea chipsi."

Hakucheka. Hapo nikajua hali ni mbaya, maana mama hunicheka hata akiwa amenikasirikia. Hugeukia ukutani tu ili nisimwone.

"Mwalimu wenu wa hesabu anaondoka," alisema. "Serikali imepunguza hela za shule. Mkuu anasema hana tena cha kumpa."

Mkuu wa shule, akina mama walinisimulia baadaye, aliliita jambo hilo "kubana matumizi." Mimi nasoma pale, na naomba niseme ukweli: shule yetu haikuwa na matumizi ya kubana. Mlango wa choo cha wasichana ni khanga iliyochoka. Dirisha la darasa letu la kidato cha tatu ni tundu, mvua ikinyesha wa pembeni wanahamia katikati tunabanana kama vifaranga. Sasa walipotafuta pa kubana wakakuta kila kitu kimeshabanwa, amebaki mwalimu wa hesabu.

Alikuwa mwalimu wa kujitolea. Amemaliza chuo, anasubiri ajira, na wakati anasubiri akaja huku kwetu Buger kutoka Dar, tena Dar ya Mbagala kwenye joto lake. Shule ilikuwa inampa kitu kidogo kutoka kwenye fungu lake la uendeshaji. Baridi ya huku nusura imuue. Alikuwa anavaa sweta juu ya sweta, na juu yake shuka la Kimasai alilonunua Karatu mjini kwenye duka la watalii kwa bei ya Mzungu. Siku ya kwanza anaingia darasani tulidhani ni mgonjwa anaomba maji.

Lakini jamaa alikuwa anafundisha. Kabla yake hesabu kwetu ilikuwa kipindi cha kusukana nywele. Yeye alikuwa anakuuliza swali, ukikosa anakuuliza umefikiriaje mpaka ukafika huko, na anasikiliza kweli, kana kwamba makosa yako yana maana fulani. Siku moja nilikuwa mbele ya darasa namuigiza anavyotembea na baridi, mabega masikioni, darasa zima limelala kwa kucheka. Ghafla kicheko kikakatika. Nikageuka, yuko mlangoni.

"Umesahau mkono wa kushoto," akaniambia. "Wa kushoto ndio unatetemeka zaidi. Haya, kwa kuwa uko mbele tayari, shika chaki."

Nikashika chaki. Swali nikalipata, ndiyo. Tangu siku hiyo alikuwa ananiita "msanii," na kila nikitania ananipa swali gumu kuliko la wenzangu. Ndivyo nilivyojikuta nazijua hesabu, kwa adhabu.

Ili uelewe ule ufagio wa mama, inabidi nikuambie kuhusu kaka yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza darasa la kwanza, kwa kutumia karatasi za kufungia sukari. Kaka ana akili kuliko mimi, na mimi si mtu wa kusema hivyo ovyo. Darasa lake lilikaa bila mwalimu wa hesabu kidato cha tatu chote na cha nne chote. Matokeo yalipotoka, hesabu walianguka wote, kuanzia aliyekaa mbele mpaka aliyekaa nyuma. Alitaka kusomea ufundi wa umeme. Leo yuko Mang'ola, anapakia vitunguu kwenye malori. Akija nyumbani harufu ya vitunguu inatangulia, yeye anafuata, na mama anamwandalia maji ya moto bila kumwangalia usoni.

"Sikubali mara ya pili," mama alisema akifagia. "Sikubali. Nitamuuza huyu ng'ombe uende shule ya kulipia mjini."

"Mama, ng'ombe mmoja ananipeleka muhula mmoja. Muhula wa pili utauza nini, kuku?"

"Nitakuuza wewe."

"Hapo utapata hasara."

Safari hii aligeukia ukutani. Nikajua bado yupo.

Baba yuko juu Ngorongoro, mlinzi kwenye loji, anashuka mwisho wa mwezi. Mama alimpigia, wakaongea muda mrefu, na nikasikia mama akisema, "Hapana, usikope. Nina wazo." Kwetu mama akisema ana wazo, watu wenye akili wanatafuta pa kujificha.

Wazo lenyewe lilikuwa hili. Kwetu huku mtu akiwa mgeni, au mgonjwa, au mjane, jirani wanakuja asubuhi na maksai wao wanamlimia shamba. Hawamdai. Yeye anachotakiwa ni mambo mawili: awape chakula, na asimame pale mfereji wa kwanza wa plau unapoanzia ili kila mtu aone shamba ni la nani. Na kuna jambo la tatu ambalo halisemwi kwa sababu kila mtu analijua. Ukishalimiwa, huondoki. Unaondokaje na mahindi ya watu yako shambani? Utaonekana mtu wa ajabu mpaka Mbulu walikotoka babu zetu.

"Tunamlimia mwalimu," mama alitangaza. "Shule ina shamba lile la chini, limekaa tu linaota magugu. Mkuu nimeshamuomba, amekubali. Mahindi na maharage. Avune, ale, auze. Chumba atakaa kwetu bure, maziwa yapo."

"Yeye amekubali?"

"Hajui."

"Mama!"

"Nimemwambia Jumamosi aje na mabuti ya mvua. Inatosha. Akijua atakataa kwa heshima. Watu wa Dar wana heshima sana."

Ijumaa yake nikakuta habari mbaya zaidi. Mwalimu alituambia darasani kwamba hoteli moja ya Karatu imempa kazi ya mapokezi, Jumatatu anatakiwa awajibu. Alisema kwa kujikaza, akageukia ubao kufuta kitu ambacho kilikuwa kimeshafutwa. Mtu wa nyuma akauliza, "Sasa ticha, mada ya vekta nani atamaliza?" Hakuna aliyecheka, hata mimi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama. Akaweka ufagio chini.

"Basi kesho tunaanza mapema," alisema.

Wanaoujua ukungu wa Buger hawahitaji maelezo. Wasioujua, chukua blanketi jeupe, lilowanishe, jifunike uso, kisha tembea. Ndiyo asubuhi ya Jumamosi hiyo. Mama alikuwa ameshika plau, mimi natangulia nimeshika kamba ya maksai wetu, na nilikuwa naona pembe za maksai lakini simuoni mama. Nyuma yetu na pembeni yetu kulikuwa na jozi nyingine za jirani. Huzioni, unasikia tu minyororo na watu wanavyowatukana ng'ombe wao kwa Kiiraki, lugha yetu ya nyumbani. Mbele ya wote alikuwa mzee jirani yetu, ambaye sote tunamwita Akoo kama tunavyowaita wazee wote. Ana maksai bora kata nzima, na masikio mabovu kata nzima.

Tulifika. Mama akasema, "Hapa." Akoo akasema, "Hapa hapa." Wazazi wote wakakubaliana ukunguni mle kwamba ni hapa. Mwalimu alikuwa bado hajafika, lakini Akoo alisema jua halisubiri mtu wa Dar, na plau zikazama ardhini.

Mimi hatua zangu za kwanza tu nikahisi kitu. Nyasi ni fupi. Tena ardhi ni tambarare, na hakuna shamba tambarare kwetu, sisi tunalima kwa kuegemea. Kisha nikakanyaga mstari mweupe wa majivu.

"Mama," nikaita, "hapa ni uwanja wa mpira."

"Tembea."

"Mama, kweli. Nimekanyaga mstari."

"Mwanangu, mimi nimelima hapa nikiwa darasa la nne. Hapa ndipo shamba la shule tangu hujazaliwa. Usinifundishe."

Na alikuwa anasema kweli, ndiyo shida. Sekondari yetu ilikatwa kutoka kwenye eneo la shule ya msingi waliyosoma wao. Wazazi wote wale walilima pale utotoni, walichapwa fimbo pale, miguu yao ilikuwa inaijua njia hata wafumbe macho. Uwanja wa mpira ulikuja baadaye, shamba likahamishiwa chini bondeni. Mama aliposema "shamba la chini" mkuu akaelewa bondeni, na wazazi wakaelewa pale ambapo wao, tangu wakiwa wadogo, walipaita chini.

Nikapaza sauti kwa wote. "Jamani! Tunalima uwanja wa mpira!"

Ukungu ukacheka. Kweli, watu walicheka kila upande, siwaoni. Mama mmoja akasema, "Huyo mtoto! Wiki iliyopita alituambia mtendaji wa kata ameliwa na fisi."

"Safari hii ni kweli!"

"Na fisi pia ulisema ni kweli."

Basi nikatembea. Ukiwa mchekeshaji unazoea kwamba siku ukiwa na taarifa ya maana hakuna mteja. Tulikwenda, tukageuka, tukarudi. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri kuliko kawaida na kila mtu anaisifu ardhi. "Udongo umelainika huu!" "Halafu mbuzi wamekula nyasi zote, hakuna hata gugu!" Mbele nikasikia mnyororo unasimama na Akoo anafoka.

"Nani kapanda mti katikati ya shamba?"

"Mti gani, Akoo?"

"Sijui. Umenyooka. Hauna matawi." Mnyororo ukalia tena kidogo. "Kuna mwingine pale. Na wa tatu umelala juu yao."

Jua likapenya. Ukungu ulipanda taratibu kama pazia, na kitu cha kwanza tulichoona sote kwa pamoja ni goli. Chini ya goli, maksai wa Akoo wanapumua mvuke. Nyuma yetu, uwanja wote wa shule mpaka kwenye goli la pili, umelimwa. Tena umelimwa vizuri, mistari imenyooka, kazi ya watu wanaojua wanachofanya.

Mama aliniangalia. Mimi nikaangalia mawingu, mtu mwenye staha.

Pikipiki ya mkuu ikasikika. Alishuka, kofia ngumu bado kichwani, akatembea mpaka ulipokuwa mstari wa pembeni.

"Ndugu wazazi," alisema polepole, "tulikubaliana shamba la chini."

"Ndilo hili, mkuu," mama akamjibu.

"Hili ni uwanja. Jumamosi ijayo tunacheza na kata jirani. Uwanja huu uko kwenye ramani ya shule!"

"Ramani imechorwa na nani?" Akoo akauliza, maana neno hilo alilisikia. "Mimi nilikuwepo. Hapa palikuwa na mahindi marefu kuliko wewe."

"Mzee wangu, naheshimu, lakini..."

"Kuliko wewe na hiyo kofia."

Mkuu akavua kofia. Nilidhani atalipuka, lakini alikaa kwenye tanki la pikipiki yake na mabega yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kutambua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho. "Mwaka huu nimenyang'anywa chaki," alisema, "nimenyang'anywa karatasi za mitihani, nimenyang'anywa mwalimu. Wa kuninyang'anya uwanja nilikuwa namsubiri atoke wizarani. Kumbe anatoka kwa mama mwenye maksai."

Mwalimu wa hesabu akatokea wakati huo. Mabuti, sweta mbili, shuka. Alisimama akaangalia goli, akaangalia mifereji, akaangalia ng'ombe.

"Shikamooni," alisema. "Kumetokea nini?"

Mama alimwendea. Ana tabia akiongea jambo kubwa anajifuta mikono kwenye kitenge hata kama ni mikavu. "Mwalimu, hili ni lako."

"Uwanja?"

"Shamba. Tumekulimia. Tutapanda sisi, tutapalilia sisi. Wewe utafundisha. Kulala utalala kwangu, kula utakula kwangu. Mavuno yako."

Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, na nilikuwa karibu nimeshika kamba kwa hiyo nilisikia yote. "Mama, nawashukuru sana. Lakini mimi nina mama yangu Mbagala ananisubiri nitume kitu. Mahindi nitavuna miezi ijayo. Hoteli wananilipa mwezi huu. Sitaki kukudanganya."

"Usinidanganye," mama alisema. "Mimi pia sitakudanganya. Hatuna cha kukulipa kama hoteli. Nina mtoto anabeba vitunguu Mang'ola kwa sababu mwaka wake haukuwa na mtu kama wewe. Alikuwa na akili. Waliposema mwalimu hakuna, mimi nilirudi nyumbani nikapika, nikasema serikali italeta. Haikuleta. Safari hii sikurudi nyumbani kupika." Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ana mdomo mchafu. Lakini juzi nimemkuta anafanya hesabu bila kuambiwa. Nilitaka kumpeleka hospitali."

Mwalimu akaniangalia. "Vekta?"

"Vekta," nikasema. Nilitaka kuongeza utani. Haukuja.

Mkuu alijisogeza. Alisema kwamba hana fungu, lakini jioni na likizo madarasa yako wazi, na wazazi wakitaka mwalimu afundishe watoto wa kata nyingine masomo ya ziada, wenye uwezo wampe chochote mkononi, yeye hataona kitu. "Ukungu wa huku ni mzito," alisema, "mkuu wa shule haoni mbali." Yule mama aliyenikumbusha habari ya fisi akadakia kwamba dada yake wa Karatu mjini ana watoto watatu wasiojua hesabu, na wote wana baba mwenye duka.

Mwalimu alitoa simu. Huku kwetu mtandao ni wa kuutafuta. Pale uwanjani unapatikana sehemu moja tu, pale wanapopigia penalti. Akaruka mifereji mpaka pale, akasimama juu ya udongo uliopinduliwa, akapiga. Wazazi wote wakamfuata kimyakimya, wakamzunguka, hata Akoo akatega mkono sikioni.

"Haloo, bosi, shikamoo. Ndiyo, kuhusu ile kazi... Hapana, sitaweza. Hapana, siyo mshahara. Siyo shifti." Akatuangalia. "Nimelimiwa shamba." Akasikiliza. "Shamba, ndiyo. Na ng'ombe. Ndiyo bosi, ni hela kubwa, najua." Akasikiliza tena, kisha akatabasamu. "Kumbe wewe ni wa Mbulu? Eeh. Basi unaelewa."

Alipokata simu akina mama walipiga vigelegele mpaka maksai wakashtuka, na nikaburutwa nusu uwanja kwa kamba. Akoo alikuwa anauliza, "Kasema nini? Kasema nini?" Mtu akampigia kelele sikioni, "Anabaki!" Akoo akajibu kwamba hilo alishalijua, mtu hawezi kuhama akiwa amevaa mabuti mapya.

Tulikula makande pale pale chini ya goli. Wavulana wa timu walikuja na mpira wao, wakasimama pembeni kama watu waliofika msibani. Mkuu akawaambia uwanja utahamia bondeni kwenye lile shamba. Nahodha akasema kule kuna mteremko. Mwalimu wa hesabu, mdomo umejaa maharage, akamwambia wacheze kipindi cha kwanza kushuka, wapate magoli mengi, kipindi cha pili wapoteze muda. Nahodha alifikiri, akaonekana kuridhika. Mimi nilifikiri: huyu akikaa mwaka mmoja atakuwa mtu wa huku kabisa.

Mchana mama alimfundisha kupanda. Alimshika mkono akamwonyesha kina cha shimo, akamwambia mbegu haitupwi kama unalisha kuku. Jamaa alikuwa mzito wa hilo kuliko mimi wa aljebra, na nilimwambia. Nikamuuliza pia amefikiriaje mpaka akafika huko. "Msanii," alisema bila kuinua kichwa, "Jumatatu nina swali lako. Refu."

Tuliporudi nyumbani jioni, mama alikuwa amechoka lakini anatembea kama mtu aliyeshinda kesi. Aliimba kidogo. Kisha akanyamaza, nikajua ameanza tena.

"Mahindi yatamfikisha mpaka mmalize kidato cha nne," alisema. "Lakini nimesikia wa fizikia naye ni wa kujitolea."

"Mama."

"Wakipunguza tena mwakani, tutamlimia wapi?"

Tulikuwa tunapita nyuma ya madarasa. Pale kuna uwanja wa netiboli, ambao sisi wasichana tulichimbua mawe kwa mikono yetu na tukapanda nguzo wenyewe, na mimi ndiye mfungaji. Mama alisimama. Akauangalia urefu, akauangalia upana, akapiga udongo kwa kisigino mara moja.

"Mama, hapa kweli ni uwanja," nikasema. "Mchana kweupe. Unauona."

"Nimeuona," alisema, na akaendelea kutembea akiwa bado anapima kwa macho.